Umerithi bastola kuukuu ya Smith & Wesson? Jinsi ya kujua ilikotoka na thamani yake

Swali huja na picha moja ya giza, bastola imelazwa juu ya shuka: "Baba mkwe ametuachia hii, ni ya mwaka gani na inauzwa bei gani?" Kwa picha hiyo hakuna anayeweza kukujibu. Majibu yamo kwenye chuma chenyewe, na mengi utayasoma mwenyewe jioni moja, mradi usianze kwa kuing'arisha.

Mwongozo huu ni wa aliyerithi bastola ya silinda akiwa Marekani. Mfano wetu ni Smith & Wesson aina ya Military & Police, iliyoanza kutengenezwa Springfield, Massachusetts, mwaka 1899 na kupewa jina la Model 10 mwaka 1957. Ni kati ya bastola zinazokutwa sana kwenye makabati ya wazee. Mwenye Colt au Webley naye atafuata njia hii hii, na pale zinapotofautiana tumesema.

Ukiwa Kenya au Tanzania, kazi yako ya kwanza ni nyingine kabisa. Leseni ya silaha ni ya mtu, haiingii kwenye mirathi pamoja na shamba na ng'ombe. Msimamizi wa mirathi apige simu polisi, aeleze silaha ilipo na jina la marehemu, asubiri maelekezo. Usiitie kwenye mfuko wa nailoni ukapanda nayo daladala au matatu kuelekea kituoni. Historia itafuatiliwa baadaye, tena kwa picha tu.

Uwe na hivi kabla ya kuanza

- Taa ya mkono yenye mwanga mwembamba, na simu yenye kamera
- Lenzi ya kukuza mara 10, ile ya sonara
- Rula ya inchi
- Bisibisi bapa ambayo ncha yake inajaa kabisa kwenye mfuo wa skrubu, urefu na unene
- Kitambaa cha pamba na mafuta mepesi ya silaha
- Daftari na penseli
- Karatasi zote za marehemu: risiti, picha, hati za jeshi, mkoba wa bastola, boksi

Msasa, brashi ya waya, dawa ya kung'arishia shaba na steel wool ya jikoni viweke mbali kabisa na meza hiyo.

Hatua

1. Hakikisha haina risasi. Elekeza mtutu pasipo na mtu, kidole kiwe nje ya kifyatulio. Kwenye Smith & Wesson kuna kibonye upande wa kushoto nyuma ya silinda: sukuma mbele, silinda itatoka kushoto. Colt ni kinyume, kibonye huvutwa nyuma. Webley hukunjika katikati ukibana wenzo ulio kando ya nyundo kwa dole gumba, na Iver Johnson ukiinua komeo lililo juu. Inua mtutu juu, sukuma fimbo ya kutolea maganda, kisha mulika tundu moja moja ukihesabu. Military & Police ina matundu sita. Bastola ndogo za mfukoni mara nyingi zina matano, kwa hiyo usihesabu kwa mazoea. Ikikataa kufunguka usiigonge: ichukulie kuwa ina risasi na usome sehemu ya mwisho.

Risasi za zamani usizitupe kwenye takataka. Fundi bunduki au polisi watazipokea. Lakini boksi lake ulihifadhi, kwani maboksi ya zamani yana wakusanyaji wake.

2. Hakikisha unaruhusiwa kuwa nayo. Hapa ndipo wengi wetu wa ughaibuni hujikwaa. Sheria ya shirikisho inamruhusu mrithi kupokea silaha kutoka jimbo jingine kwa wosia au mirathi, mradi yeye mwenyewe hazuiwi na silaha hiyo ni halali jimboni kwake. Mwenye green card anaruhusiwa. Aliyeko kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya kazi au ya utalii, haruhusiwi, isipokuwa kwa misamaha michache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Juu ya hapo kuna sheria za majimbo: New York hutaka leseni ya bastola, Illinois hutaka kadi ya utambulisho wa mwenye silaha (FOID). Kama huruhusiwi, bastola ibaki kwa msimamizi wa mirathi au kwa muuza silaha mwenye leseni ya shirikisho (FFL), naye anaweza kuiuza kwa niaba ya familia. Utafiti wako unaendelea kwa picha na namba.

Utasikia pia kwamba "ya zamani haina sheria". Silaha inayotoka kwenye masharti mengi ya shirikisho ni iliyotengenezwa 1898 au kabla. Military & Police ilianza 1899, kwa hiyo hakuna hata moja inayopita mlango huo. Ile ya miaka 50 na zaidi huhesabika kuwa ya wakusanyaji, lakini bado ni silaha kamili kisheria.

3. Iache na uchafu wake. Pangusa vumbi kwa kitambaa chenye tone la mafuta, basi. Rangi ya kahawia iliyotanda juu ya bluu ya zamani (rangi ambayo kiwanda kiliupa uso wa chuma) ni umri, na mkusanyaji anaulipia, ukiisugua hairudi. Itoe pia kwenye mkoba wa ngozi. Ngozi hunyonya unyevu, na chumvi za kuitengenezea hula chuma hadi kikawa na vishimo. Mkoba utunze kando, huenda ndio wenye jina la mwenyewe kwa ndani.

4. Jua nani aliitengeneza. Tafuta jina la kiwanda na nembo, sio jina la risasi. Maandishi "38 S&W CTG" kwenye mtutu yanataja aina ya risasi tu, na viwanda vingi viliyachapa. Bastola nyingi za Kihispania kutoka mji wa Eibar za mwanzoni mwa karne ya 20 ziliigiza umbo la Smith & Wesson na kuchapwa majina ya risasi za Kimarekani ili mnunuzi adhani. Kosa la upande wa pili nalo lipo: mtu anaona "MARCAS REGISTRADAS" na kusema yake imetoka Hispania. Hayo ni sehemu ya anwani ya mistari minne ambayo Smith & Wesson walianza kuichapa kwenye fremu mwaka 1948.

Tarehe zilizo juu ya mtutu ni za hataza (patent). "DEC. 29. 14" inakwambia bastola haikutengenezwa kabla ya hapo, inaweza kuwa ya 1916, inaweza kuwa ya 1938.

5. Soma namba sahihi. Hili ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Mtu anafungua silinda, anaona namba kwenye mkono unaoibeba na nyingine kwenye fremu pale mkono huo unapojifunga, anaiandika, anatumiwa jibu la bastola isiyo yake. Namba hizo ni za fundi wa kiwandani, za kumwezesha kukutanisha vipande vilivyosuguliwa pamoja. Kwenye bastola za baada ya 1957 hapo hapo utakuta "MOD. 10-5" au mfano wake, ambayo ni aina.

Namba ya mfululizo iko chini ya kitako. Ikiwa vibao vya kishikio vimefunika kitako, vitoe: legeza skrubu mizunguko kadhaa bila kuitoa, kisha gonga kichwa chake taratibu kwa mpini wa bisibisi, kibao cha upande wa pili kitasukumwa nje. Usikikwangue kwa kisu pembeni, kitabanduka kipande. Bamba la pembeni la fremu usilifungue kabisa, huna unachotafuta mle ndani.

Kisha tafuta namba ile ile mahali pengine: uso wa nyuma wa silinda, sehemu bapa chini ya mtutu pale fimbo inapolala, nyuma ya nyota ya kutolea maganda (kipande chenye umbo la nyota kinachosukumwa na ile fimbo), na ndani ya kibao cha kulia. Kwenye kibao inaweza kuwa imeandikwa kwa penseli, kwa hiyo usipanguse kabla ya kuimulika taa ikiwa imelala ubavu. Zikilingana zote, una bastola kamili kama ilivyotoka kiwandani, na hilo lina bei.

Herufi ni sehemu ya namba. 250000 bila herufi ni bastola ya enzi za Vita Kuu ya Kwanza. V250000 ni ya Vita Kuu ya Pili. C250000 ni ya miaka ya 1950. Ukiacha herufi unapouliza, umeuliza bastola tatu kwa mpigo. Andika pia aina ya risasi, maana bastola za risasi tofauti mara nyingi zilikuwa na mifululizo tofauti.

6. Iweke kwenye kipindi chake. Mfululizo usio na herufi ulifika milioni moja mwaka 1942, ndipo ikaanza V, ya "Victory", hadi 1945. Baada ya vita ikaja S, kisha C kuanzia 1948, na D mwishoni mwa miaka ya 1960. Pima kwa vitu vya kuonekana. Kama ncha ya mbele ya fimbo ya kutolea maganda inaning'inia bila kitu cha kuishikilia chini ya mtutu, hiyo ni ya toleo la 1899. Kishikilio kiliongezwa 1902. Skrubu tano za fremu, nne za bamba la pembeni (moja imejificha chini ya kibao) na moja mbele ya kinga ya kifyatulio, ni dalili ya kuanzia 1905 hadi karibu 1955. Ya juu kwenye bamba ikaondolewa karibu 1955, na ile ya mbele ya kinga mwaka 1961.

Huo ni mkadirio. Kiwanda hakikusafirisha kwa kufuata namba. Bastola iliweza kukaa stoo ikapitwa na wadogo zake. Tarehe kamili hutoka kwenye daftari lao peke yake, tutafika.

7. Kama ina V, tambua ilipigana upande gani. Victory ina rangi ya kijivu isiyong'aa, vibao laini vya mti wa jozi na pete ya kamba kwenye kitako. Zilizobaki Marekani nyingi zina mtutu wa inchi 4 na risasi ya .38 Special, zikiwa na chapa "U.S. NAVY" au, juu ya fremu, "U.S. PROPERTY G.H.D.", herufi hizo ni za Guy H. Drewry, mkaguzi wa jeshi. Zilizopelekwa Uingereza na himaya yake zina mtutu wa inchi 5 na risasi fupi na nene, .38 S&W. Zikiuzwa kama mabaki ya vita ziligongwa mihuri ya majaribio ya London au Birmingham: taji dogo, maandishi "NOT ENGLISH MAKE", na "3½ TONS" karibu na ".38 .767".

Sasa shika taa vizuri. Nyingi zilirudi Marekani baada ya vita, na wauzaji wakazikata mtutu, wakazipiga nikeli na kuyachimba matundu ya silinda yaingie .38 Special. Chungulia tundu kwa nyuma. Lisiloguswa lina ngazi ndogo ya duara karibu robo tatu ya inchi kwenda ndani. Humo ndimo ganda fupi linapoishia. Ngazi ikiwa imesogezwa mbele zaidi, au usiione pale, tundu limechimbwa. Dalili nyingine ni mtutu wa urefu usiolingana na rula, na shabaha ya mbele iliyochomelewa. Bastola hiyo imepoteza sehemu kubwa ya thamani ya ukusanyaji, na pia haifai kupigwa: tundu ni pana kwa ganda la .38 Special (kipenyo .386 ya inchi dhidi ya .379), kwa hiyo ganda hufura na hata kupasuka likipigwa.

Webley Mk VI, iliyopokelewa na jeshi la Uingereza mwaka 1915 kwa risasi ya .455, ina msiba wa aina yake: silinda ilikwanguliwa nyuma ili iingie .45 ACP. Risasi za kawaida za .45 za dukani zina mgandamizo unaokaribia ule wa majaribio ya kiwandani kwa Webley. Usipige.

8. Kagua hali yake kama mnunuzi mkorofi. Kadiria asilimia ya rangi ya asili iliyobaki. Bluu huisha kwanza kwenye mdomo wa mtutu, kingo za silinda na mgongo wa kishikio, kwa sababu ya mkoba na kiganja. Bastola yenye miaka 90 ambayo bluu yake imejaa hata sehemu hizo itilie shaka, huenda imepakwa upya. Thibitisha kwa lenzi: herufi zilizofifia kingo, matundu ya skrubu yaliyobonyea kama sahani, kona zilizoviringika, na mstari wa bamba la pembeni unaoonekana wazi ilhali kiwandani ulikuwa karibu hauonekani.

Kwa nikeli, tazama nyundo na kifyatulio. Kiwanda hakikuvipiga nikeli. Viking'aa sawa na fremu, kazi ni ya mtaani. Nyota ndogo iliyochapwa karibu na namba ya kitako inaonyesha bastola ilirudishwa kiwandani kwa matengenezo, na "R-N" chini ya vibao ni nikeli mpya iliyowekwa na kiwanda chenyewe. Hiyo inapunguza bei kidogo kuliko ya fundi wa kichochoroni.

Piga picha: pande mbili nzima, kitako, nyuso mbili za silinda, kila chapa kwa karibu. Tumia mwanga wa dirishani kutoka ubavuni, si flashi. Ukiziweka hadharani, ficha tarakimu mbili za mwisho za namba.

9. Tafuta karatasi. Wakusanyaji wana usemi: nunua bastola, usinunue hadithi. Kwa hiyo geuza hadithi iwe karatasi. Mzee anayejua aliipata wapi aandike na kutia sahihi angali hai, pamoja na namba ya bastola. Picha ya marehemu akiwa nayo, risiti, hati ya kutoka jeshini, vyote weka pamoja. Rekodi za utumishi wa jeshi huombwa kituo cha taifa cha St. Louis kwa fomu SF-180, lakini moto wa Julai 1973 uliteketeza mafaili kati ya milioni 16 na 18, hasa ya waliotoka Jeshi la Nchi Kavu kati ya 1912 na 1960. Usishangae ukijibiwa kuwa hakuna.

Barua ya kiwanda hutolewa na Smith & Wesson Historical Foundation kwa fomu na ada; kwa Colt ni Colt Archive, na ada yao hutegemea aina ya bastola. Barua inasema siku iliyosafirishwa, ilikuwa na mtutu na rangi gani, na ilipelekwa kwa nani. Je, uiagize? Kwa Military & Police ya kawaida iliyochakaa, ambayo hata sokoni ni mia chache za dola, barua haitarudisha gharama; agiza kama familia inataka kujua. Kwa yenye chapa ya idara (kama ya polisi), mtutu wa urefu usio wa kawaida au nikeli unayodhani ni ya asili, agiza kabla ya kuuza, siyo baada.

ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, usiwaandikie. Kazi yao ya kufuatilia silaha ni ya upelelezi wa polisi. Hawatafutii watu historia ya urithi.

10. Pata bei. Bei ya kuuliza siyo bei. Tafuta minada iliyokwisha, ya miaka miwili ya karibuni, upate angalau mauzo matano ya bastola inayolingana na yako kwa toleo, risasi, urefu wa mtutu, rangi na hali. Tupa ya juu kabisa na ya chini kabisa. Angalia kama bei iliyotangazwa ina ada ya mnunuzi ndani yake, maana hiyo haiendi kwa muuzaji. Duka litakupa pungufu, mara nyingi nusu hadi theluthi mbili ya bei yao ya kuuzia. Wana kodi ya pango, si wezi.

Kama mirathi inahitaji tathmini ya maandishi, iwe ya thamani ya soko siku ya kifo, na mthamini alipwe kwa kazi yake. Anayekuthaminia kisha akatoa pochi kukununulia hapo hapo, mshukuru na uondoke.

Ukikwama

*Silinda haifunguki.* Kwenye Smith & Wesson sababu ya kawaida ni fimbo ya kutolea maganda kujifungua yenyewe kwa skrubu na kuwa ndefu kupita nafasi yake. Fundi huikaza kwa dakika chache, ila mwelekeo wa kukaza ulibadilishwa karibu 1961, kwa hiyo koleo la nyumbani litaharibu.

*Silinda ina namba nyingine.* Rudia kusoma kitako na chini ya mtutu. Hivi viwili vikikubaliana na silinda ikapinga, silinda ilibadilishwa. Taja wazi unapouza.

*Tarakimu moja imeliwa na pete ya kamba.* Isome chini ya mtutu.

*Namba imekwanguliwa kwa makusudi.* Simama hapo. Kuwa na silaha yenye namba iliyofutwa ni kosa la shirikisho hata kama umerithi. Usiisafirishe, usiitangaze, muone wakili kwanza.

*Barua inasema ilikwenda duka la jumla la Chicago, ilhali familia inasema ilikuwa ya polisi.* Vyote vinawezekana. Barua huishia kwa mpokeaji wa kwanza, na idara nyingi zilinunua kwa mawakala. Tafuta chapa ya idara kwenye mgongo wa kishikio.

*Kuna kutu nyekundu inayoendelea kula.* Hii haingoji. Paka mafuta, acha siku nzima, kisha sugua kidogo kidogo kwa ncha ya kipande cha shaba laini, kamwe si chuma. Kitambaa kikianza kutoka na rangi ya bluu badala ya nyekundu, acha hapo hapo.